PPV imepanda na mgonjwa yuko kifudifudi: tuongeze maji au tusiongeze?

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 52, uzito kilo 68, urefu sentimita 168. Kifua kikuu kimekula pingili zake za T11 na T12, usaha unabana ugwe wa mgongo, na miguu imeanza kuishiwa nguvu. Amepangiwa kukwanguliwa sehemu iliyooza, kuondolewa mbano, kisha kufungwa skurubu na vyuma kuanzia T9 hadi L2. Kazi yote inafanyika kwa nyuma, kwa hiyo atalala kifudifudi kwa saa nne au zaidi. Ana shinikizo la damu analolitibu kwa losartani, na dozi ya mwisho aliimeza saa 24 kabla. Hemoglobini ni 10.4, figo zinafanya kazi vizuri, na presha yake ya wastani wodini ni 98.

Kisa hiki kimetungwa kwa kufundishia na namba zake zimepangwa ili hesabu zifuatike. Hata hivyo, hakuna tukio ndani yake ambalo ni geni kwa thieta inayofungua migongo. Wakati wa upasuaji huu PPV, yaani asilimia ambayo tofauti kati ya presha ya juu na ya chini hubadilika ndani ya kila pumzi ya mashine, ilipanda mara tatu. Kila mara sababu ilikuwa nyingine, na dripu ilikuwa jibu sahihi mara moja tu.

Hesabu za kabla ya usingizi

Ujazo wa damu wa mtu mzima hukadiriwa kwa ml 70 kwa kilo: 70 × 68 = ml 4,760. Tukiamua kwamba hemoglobini isishuke chini ya 8, damu anayoweza kupoteza kabla ya kuongezewa ni 4,760 × (10.4 − 8) ÷ 10.4, yaani kama ml 1,100. Namba hiyo iliandikwa kwa kalamu nene juu ya karatasi ya usingizi. Chupa mbili za damu nzima ziliombwa na kulinganishwa, na sharti likawa kwamba chupa ya kwanza iwe imeshafika mlangoni mwa thieta kabla hasara haijafika ml 800. Benki ya damu ikiwa jengo la pili, dakika ishirini za kutembea na kusaini zinahesabika kama sehemu ya tiba.

Ujazo wa pumzi haupimwi kwa kilo za mizani bali kwa uzito unaolingana na urefu. Kwa mwanamume ni 50 + 0.91 × (urefu kwa sm − 152.4), na kwa huyu ni kilo 64. Basi ml 6 kwa kilo ni 385, na ml 8 kwa kilo ni 515. Namba hizi mbili zitarudi mara kwa mara hapa chini.

Aliruhusiwa maji na chai ya rangi hadi saa mbili kabla ya usingizi, na kweli alikunywa. Hilo peke yake liliondoa sababu ya kile kinachoitwa deni la kufunga. Fomula ya zamani ingemdai ml 108 kwa kila saa aliyofunga usiku, yaani ml 864 kwa saa nane. Ingeongeza ml 108 kwa kila saa ya usingizi, ml 540 kwa saa tano. Ml 6 kwa kilo kwa kila saa ya jeraha lililo wazi, ml 1,632 kwa saa nne. Kisha ml 3 za Ringa (maji ya dripu yenye chumvi) kwa kila ml 1 ya damu inayomwagika. Kama hasara yote ya damu, iliyofika ml 1,350, ingejazwa kwa maji matupu, jumla ingekuwa zaidi ya lita 7. Maji mengi kiasi hicho hayabaki mishipani. Kwa mtu aliyeinamisha uso kwa saa nyingi, hujaa kwenye kope, ulimi na koo, na huichujua damu mpaka inashindwa kuganda.

Kuna hatari nyingine inayowahusu zaidi wagonjwa wa mgongo, nayo ni kuamka kipofu. Kumbukumbu za chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani zilizochapishwa 2006 zilikusanya visa 93 vya upofu baada ya upasuaji wa mgongo, na vingi mno vilitokana na neva ya jicho kukosa damu. Karibu wagonjwa wote wa kundi hilo walikuwa wamepoteza damu ya lita 1 au zaidi, au usingizi wao ulidumu saa 6 au zaidi. Uchambuzi uliofuata 2012 uliongeza unene, jinsia ya kiume, na aina ya fremu inayoshusha kichwa chini ya moyo. Huyu wetu ni mwanamume na anatarajiwa kupoteza damu karibu na kiasi hicho, hivyo suala la maji linamhusu hata macho.

Kumnyima maji nako si salama. Jaribio la RELIEF la 2018, lililohusu wagonjwa wapatao 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, lilionyesha kwamba kubana maji kupita kiasi kuliongeza majeraha ya figo. Ndiyo maana haifai kuamua kabla ya kuanza kwamba leo ni siku ya maji mengi au siku ya maji machache. Alianzishiwa msingi mdogo wa Ringa lakteti, ml 2 kwa kilo kwa saa, yaani ml 136. Chochote zaidi ya hapo kilipaswa kuombewa ushahidi.

PPV inapima nini hasa

Mashine inaposukuma pumzi ndani, presha ya kifuani hupanda na damu inayorudi moyo wa kulia hupungua. Mapigo mawili matatu baadaye upungufu huo hufika moyo wa kushoto, na tofauti kati ya presha ya juu na ya chini husinyaa. Pumzi ikitoka, hali hurudi. Moyo wenye damu ya kutosha hautikiswi sana na mchezo huu. Moyo unaoweza kupokea zaidi hutikisika. Kiasi cha kutikisika huko ndicho monita inachokiandika kama PPV.

Monita isiyo na programu hiyo haizuii kipimo. Weka kanula kwenye ateri ya kifundo cha mkono, punguza mwendo wa mstari hadi mm 6.25 kwa sekunde, gandisha skrini, kisha soma pigo refu na pigo fupi ndani ya pumzi moja. Tofauti yao gawa kwa wastani wao, zidisha kwa 100. Rudia kwa pumzi tatu, chukua wastani.

Mpaka wa 13% unaotajwa kila mahali ulitoka kwenye utafiti wa Michard na wenzake wa 2000, uliohusu wagonjwa wa sepsisi waliolala chali na kupewa pumzi kubwa. Mwaka 2011 Cannesson na wenzake walipima wagonjwa 413 wa upasuaji na kuonyesha kwamba kati ya 9% na 13% kipimo hakisemi kitu cha uhakika, na robo ya wagonjwa wako humo humo. Kwa waliolala kifudifudi, kundi la Bordeaux lililofanya upasuaji wa mgongo uliopinda liliripoti 2010 kwamba mpaka uliotenganisha vizuri ulikuwa 11% chali na 15% kifudifudi. Mgonjwa yule yule akigeuzwa, namba hupanda bila kupoteza hata tone la damu. Aliyeshika 13% kichwani na kumwagia kila anayeivuka, atawapa wagonjwa wa mgongo maji wasiyoyahitaji.

Saa 2:10 hadi 3:30 asubuhi: kupanda kwa kwanza

Alilazwa kwa propofoli mg 120, fentanili mcg 200 na atrakuriamu ya kulegeza misuli mg 35, akawekewa mrija wa pumzi wenye waya ndani, na usingizi ukaendelea kwa sevoflureni. Mashine: pumzi ml 385, mara 16 kwa dakika, PEEP (presha inayobaki mapafuni pumzi ikishatoka) 5. Akiwa chali, presha ya mapafu mwisho wa pumzi kuingia ilikuwa 13, PPV 6%, presha ya wastani 80, mapigo 72. Namba hizi za chali ziandikwe kabla ya kumgeuza, kwa sababu bila hizo za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 iliingia kwa dakika kumi, ikifuatiwa na mg 1 kwa kilo kwa saa. Sefazolini gramu 2 ilishaingia.

Saa 2:50 aligeuzwa na watu watano na kulazwa juu ya mito miwili ya kifua na miwili ya nyonga. Dakika nne baadaye monita ilisoma 84/44, wastani 57. Pigo refu lilikuwa na tofauti ya 43 na fupi 37: sita kugawa kwa 40, PPV 15%. Presha ya mapafu ilikuwa 20.

Presha imeshuka, PPV imepanda, na mkono wa kila mmoja unataka kufungua dripu. Timu ilianza kwa kukagua vitu vitatu kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni transdyusa, kifaa kinachopokea presha ya ateri na kuipeleka kwenye monita. Meza ilikuwa imeshushwa ili daktari wa upasuaji afanye kazi bila kunyoosha mabega, lakini transdyusa ilibaki imefungwa kwenye stendi ya dripu, kama sm 10 juu ya usawa wa moyo. Kila sm 10 hupotosha kipimo kwa karibu mmHg 7.5. Iliposhushwa na kuwekwa sifuri upya, wastani ulisoma 64. PPV haikubadilika, kwa sababu kosa la usawa huongeza au kupunguza presha ya juu na ya chini kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo PPV ya 15% ilikuwa ya kweli, lakini sehemu ya presha iliyoogopesha ilikuwa ya uongo. Baada ya hapo mstari ulisukumwa maji kwa nguvu mara moja: ulitetemeka mara mbili ukatulia, ishara kwamba hauna povu wala donge.

Cha pili ni tumbo. Unyumbufu wa mapafu na kifua, yaani ujazo wa pumzi kugawa kwa presha ya mapafu ukitoa PEEP, ulikuwa 385 ÷ 8 = 48 akiwa chali. Sasa ulikuwa 385 ÷ 15, yaani 26 tu. Mapafu hayaharibiki kwa nusu ndani ya dakika nne. Muuguzi wa thieta aliinama chini ya shuka na kupitisha kiganja kati ya kitovu na meza. Hakikupita. Mito ya nyonga ilikuwa imeteleza kuelekea kiunoni wakati wa kumgeuza, na tumbo lote lilikuwa limekaa mezani.

Hapo ndipo pa kutulia, maana tumbo lililobanwa hufanya mambo matatu kwa mpigo. Hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni. Hukaza kifua, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya mashine hubaki ikiusukuma moyo badala ya kupanua mapafu. Na huisukuma damu kwenye vena zinazouzunguka ugwe wa mgongo, ambazo hazina vali. Mwanaanatomia Batson alizieleza tangu 1940. Mgonjwa anaonekana mkavu huku daktari wa upasuaji akikuta eneo analolifanyia kazi limejaa damu. Dripu ingeipandisha presha kwa muda, na damu hiyo ya ziada ingeishia kwenye vena zile zile zinazokaribia kukatwa. Sidhani kuna kosa la maji linalogharimu zaidi kwenye upasuaji huu kuliko hili.

Aliinuliwa nyonga na watu wanne, mito ikashushwa mpaka ikakaa chini ya mifupa ya nyonga iliyo mbele, kiganja kikapita bila kugusa. Presha ya mapafu 15, unyumbufu 38, PPV 9%, presha ya wastani 69. Hakuna hata ml moja iliyoongezwa.

Cha tatu kilikuwa mfuko wa mkojo, ambao ulikuwa mkavu tangu kugeuzwa. Mrija ulikuwa umekunjwa chini ya paja. Ulipowekwa sawa ulitoka ml 30 papo hapo.

Ilibaki presha ya 69 kwa mtu aliyezoea 98 na ambaye ugwe wake umebanwa. Lengo lilikuwa 80. Je, alihitaji maji? PPV ya 9% kwa pumzi ya ml 6 kwa kilo haiwezi kujibu, kwa kuwa pumzi ndogo haitikisi moyo kiasi cha kutosha. Ndipo linapokuja jaribio la pumzi, lililoelezwa na Myatra na wenzake wa Mumbai 2017: panua pumzi kutoka ml 6 hadi ml 8 kwa kilo kwa dakika moja, soma PPV, rudisha. Ikipanda kwa pointi 3.5 au zaidi, moyo una nafasi ya kupokea. Jaribio hili halimwongezei mgonjwa kitu chochote, na linafanyika mikono ikiwa imefunikwa shuka. Kuinua miguu, jaribio linalopendwa wodini, kifudifudi haliwezekani.

Pumzi ilipandishwa hadi 515. PPV ilitoka 9 ikafika 11. Pointi mbili: moyo haukuomba maji. Kilichokuwa kimelegea ni mishipa, kwa sevoflureni na mabaki ya losartani. Ilianzishwa noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa, mg 4 ndani ya ml 250, yaani mcg 16 kwa ml, kwa kanula kubwa ya mkononi iliyokaguliwa kila robo saa. Dozi ya mcg 0.05 kwa kilo kwa dakika ni mcg 3.4 kwa dakika, sawa na ml 13 kwa saa. Presha ikakaa 82, na saa 3:30 ngozi ikafunguliwa.

Saa 5:00: kupanda kwa pili

Wakati wa kukwangua T11 na T12 damu ilianza kutoka kwa kasi. Chupa ya kufyonza ilikuwa na ml 750, lakini ml 300 kati ya hizo zilikuwa maji ya kuoshea, ambayo muuguzi alikuwa akiyatangaza kila anapomimina. Mopu zilizolowa zilipimwa kwenye mizani na kutolewa uzito wa mopu kavu, gramu 1 ikihesabiwa ml 1: ml 250. Jumla ml 700, na kidogo zaidi kwenye shuka.

Mapigo 94. Noradrenalini ilikuwa imepandishwa polepole hadi 0.09, yaani ml 23 kwa saa, na presha ya wastani bado ilikuwa 74. PPV ilisoma 12%. Namba hiyo haitishi mtu, na hapa panahitaji umakini: noradrenalini hukamua vena na kurudisha damu iliyokuwa imetulia humo, hivyo huishusha PPV. Mgonjwa anayevuja damu huku dozi ikipanda anaweza kuonyesha PPV ya wastani kabisa. Kila mara dozi inapopandishwa, jaribio lirudiwe. Namba ya skrini pekee haitoshi.

Kabla ya jaribio, kiganja kilipitishwa tena chini ya tumbo. Kilipita. Presha ya mapafu ilikuwa ile ile 15. Pumzi ilipopandishwa, PPV ilitoka 12 ikafika 18. Pointi sita, na damu inaonekana kwa macho. Ushahidi ulikuwa umetimia.

Hata hapo dripu haikufunguliwa mpaka mwisho. Ml 100 za Ringa zilisukumwa kwa dakika moja kwa sirinji mbili za ml 50 kupitia koki ya njia tatu. PPV ilishuka kutoka 12 hadi 9, na kaboni dioksidi ya pumzi ya kutoka ikapanda kutoka 33 hadi 35, mashine ikiwa haijaguswa. Kaboni dioksidi ikipanda bila mashine kubadilishwa, moyo unapeleka damu zaidi mapafuni, na hicho ni kipimo cha bure kwa thieta isiyo na mashine ya kupima ujazo wa pigo. Ml 150 zilizobaki zikaingia. Dakika kumi baadaye jaribio lilirudiwa: 9 hadi 13, pointi nne. Ml 250 nyingine. Jaribio la tatu: 8 hadi 10. Maji yakasimama hapo, ingawa saa hiyo mkojo ulikuwa ml 20 tu. Usingizi, maumivu ya upasuaji na kulala kifudifudi hubana mkojo hata kwa mtu aliyejaa maji. Ml 20 kwa saa moja ni sababu ya kukagua mrija, wala si sababu ya lita.

Saa 5:40 hasara ilifika ml 900 na hemoglobini ilikuwa 8.6. Saa 6:10 hasara ikawa 1,150, hemoglobini 8.1, na skurubu mbili bado. Mpaka wa 1,100 ulikuwa umevukwa na jaribio lilionyesha pointi nne tena. Safari hii kilichoingia ni chupa ya kwanza ya damu, ikiwa imepashwa joto, na ya pili ikafuata. Moyo ulikuwa unaomba ujazo, na damu ilikuwa inaomba hemoglobini. Kujibu ombi la kwanza kwa Ringa kungezidisha la pili. Gramu 1 ya kalsiamu glukoneti ilisukumwa polepole baada ya chupa ya pili.

Saa 6:25 mchana: kupanda kwa tatu

Chupa ya pili ikiwa nusu, PPV iliruka hadi 19%. Presha ya wastani ilikuwa 84, juu kuliko lengo. Mapigo 86. Chupa ya kufyonza haikuongezeka. Namba hizi hazipatani: anayekosa damu kwa kiwango cha 19% hakai na presha ya 84 kwa dozi inayoshushwa.

Jibu lilikuwa kwenye mstari wa kaboni dioksidi. Juu ya kila tambarare palikuwa na kijishimo kidogo upande wa kulia, na mara moja moja pumzi ndogo ya ziada. Atrakuriamu hudumu nusu saa hivi, dozi ya mwisho ilikuwa ya dakika 45 nyuma, na mgonjwa alikuwa anaanza kujivutia pumzi mwenyewe. Mtu akijivutia, presha ya kifuani inashuka badala ya kupanda, na msingi wote wa PPV unaanguka. Atrakuriamu mg 10 ilitolewa, sevoflureni ikaongezwa kidogo. Dakika tatu baadaye PPV ilikuwa 10%.

Pale wanapopima ishara za neva za miguu wakati wa upasuaji, dawa ya kulegeza misuli kwa kawaida haitumiki, kwa hiyo hali hii huweza kudumu saa nzima. Hapo usingizi wenyewe uwe mzito wa kutosha kuzuia pumzi za mgonjwa, au PPV isitumike. Isitumike pia mapigo yakiruka ruka. Vivyo hivyo kama mapigo ukigawa kwa idadi ya pumzi yanapata chini ya 3.6, maana muda wa pumzi hautoshi kuonyesha tofauti; kwa huyu ilikuwa 86 ÷ 16, yaani zaidi ya 5. Moyo wa kulia ulioshindwa nao huleta PPV kubwa ya uongo, na huo ukipewa maji hufa mapema zaidi. Na kama kaboni dioksidi ingeanguka ghafla pamoja na presha, mawazo yangekuwa kwenye hewa iliyoingia venani kupitia mfupa uliofunguliwa: jeraha lijazwe maji, oksijeni 100%, kazi isimame.

Bila kanula ya ateri

Thieta nyingi zitasoma kisa hiki na kusema hazina transdyusa. Kipimo cha kidoleni kinachotoa PVI, namba inayoonyesha jinsi mpigo wa kidole unavyotikiswa na pumzi, husaidia kiasi, lakini noradrenalini na kidole baridi hukiharibu, yaani kinashindwa pale pale kinapohitajika. Kinachobaki ni kaboni dioksidi, mizani ya mopu, kiganja chini ya tumbo, na ml 100 za haraka. Pima presha kwa mkono kila dakika mbili na nusu. Mashine isiguswe dakika tano kabla na baada. Kaboni dioksidi ikipanda kwa 2 na mapigo yakashuka, endelea hadi 250. Isipobadilika, acha, tafuta sababu nyingine. Wanga wa kuongeza ujazo wa damu usirudi mezani kwa sababu ya uchache wa vifaa: unaumiza figo, na Umoja wa Ulaya uliusimamisha sokoni 2022.

Kumrudisha chali

Saa 7:20 jeraha lilifungwa. Noradrenalini, iliyokuwa 0.04, ilishushwa hadi 0.02 kabla ya kumgeuza. Akirudi chali, tumbo na miguu hurudisha damu moyoni kwa wingi, na asiyelitarajia hilo huona presha ikiruka hadi 120 juu ya jeraha bichi. Ilifika 96, ikakaa, na dawa ikazimwa. PPV ilikuwa 5%.

Hesabu ya mwisho: Ringa ya msingi ml 680, ya nyongeza ml 500, ml 250 za kubebea dawa, damu chupa mbili. Damu iliyopotea 1,350, mkojo 150, hemoglobini 9.3, lakteti 1.6. Kope zilikuwa zimevimba kidogo. Puto la mrija lilipotolewa hewa, pumzi ilisikika ikivuja pembeni yake, ikimaanisha koo halijajaa. Kichwa kiliinuliwa digrii 30 na mrija ukatolewa akiwa macho. Aliombwa kuhesabu vidole vya muuguzi kwa kila jicho peke yake, kisha kukunja nyayo zote mbili, na majibu yakaandikwa pamoja na saa.

Maagizo ya chumba cha uangalizi: Ringa ml 1 kwa kilo kwa saa hadi atakapokunywa nusu lita kwa mdomo, kisha dripu iondolewe. Presha ya wastani isipungue 80 kwa siku ya kwanza. Chupa ya kutoa damu jerahani isomwe kila saa, na ikizidi ml 150 kwa saa daktari aitwe. Hemoglobini irudiwe saa 12 jioni. Losartani isirudishwe mpaka presha isimame yenyewe na mkojo ufikie ml 35 kwa saa.